Uso Wenye Pazia

Adelina, msusi wa Kibamba, alikuwa na sheria zake za uso mrefu, na alizitoa kwa sauti ya padri anayesoma amri. Usipandishe nywele juu, uso utazidi kurefuka. Usizibane nyuma. Jaza pembeni, kata usawa wa kidevu, na mbele shusha pazia mpaka kwenye nyusi, watu waone nusu tu ya kile Mungu alichokuzidishia. Herieth alizishika sheria hizo tangu kidato cha pili, mwaka ambao darasa zima lilimwita Farasi, na kwa miaka kumi hakuna mtu wa Kibamba aliyeliona paji lake la uso isipokuwa mama yake na Adelina mwenyewe.

Ijumaa hiyo alikaa kwenye kiti cha saluni, akaitazama ile picha ya mitindo iliyopauka ukutani, wanawake ishirini wenye nyuso za mviringo wakicheka bila sababu, akasema safari hii anataka anyolewe zote.

Adelina akazima draya. Akauliza kama kaachwa na mwanamume, kisha kama kaokoka, maana hakujua sababu ya tatu. Herieth akamwambia kesho ni arobaini ya baba yake huko Chang'ombe. Adelina akajibu kwamba kuomboleza ni kuomboleza na kujiharibu ni kujiharibu, na kwa uso ule, kichwa kitupu kitatisha hata wafiwa.

Anselmo, huyo baba, alikuwa fundi seremala. Kila Jumapili ya pili ya mwezi alifika Kibamba na mkate na sukari, akamwita Herieth mwanangu, akanywa chai, akarudi kwa mke wake na watoto wake watatu. Mwanamume aliyeweza kubeba kabati la milango mitatu peke yake alishindwa kubeba neno hilo moja mpaka nyumbani kwake. Akafa nalo. Herieth alimlilia, lakini hakumsamehe.

Kwenye mazishi alikwenda peke yake, kwa sababu mama yake alisema hana miguu ya kwenda kudharauliwa. Huko akamkuta Shangazi Eufrazia, dada wa marehemu, mama mwenye mwili mkubwa aliyefunga kilemba cheusi chini kabisa, akiusimamia msiba kama vile kifo ni mali yake na wengine wamekuja kukiazima. Herieth akapiga goti, akasema shikamoo. Haikuitikiwa. Yule mama akamkagua kuanzia viatu hadi nywele, halafu akasema mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele:

"Watoto wa kaka yangu ni watatu na wote nawajua. Huyu mwenye uso wa pazia sijui katokea wapi. Kila msiba una wadandiaji wake."

Wanawake wakacheka. Walikuwa watu wa kuja kula wali wa bure, na mwenye wali akichekesha, lazima ucheke.

Herieth hakutaka nyumba ya marehemu, wala kiwanja, wala randa na misumeno yake. Wangeweza kuvitafuna vyote kwa chumvi. Alitaka kitu kimoja. Katika ukoo ule wa watu wa Kusini, siku ya kuanua tanga, yaani hiyo arobaini, watoto wa marehemu hukalishwa kwenye mkeka, na shangazi yao huwanyoa mmoja mmoja mbele ya watu. Anayenyolewa ndiye mtoto, na baada ya hapo hakuna wa kumkana. Kwenye mkeka ule hakuwa na nafasi, na hakuwa na cheti wala shahidi.

Alikuwa na uso. Hilo lilimjia usiku mmoja akitazama picha ya baba yake kwenye simu. Mafundi wenzake walikuwa wakimtania Anselmo kwamba akianza kujinyoa ndevu Jumatatu, anafika kidevuni Jumanne. Wale watoto wake watatu walichukua kwa mama yao, nyuso za mviringo kama sahani. Uso ule alikuwa kaubeba yeye, na kwa miaka kumi alikuwa akimlipa mtu amfichie. Alijiona mpumbavu kuliko Eufrazia.

"Washa mashine," akamwambia Adelina. "Usibakishe kitu."

Adelina akanyoa huku akisonya, akamwomba asimwambie mtu kazi ile imefanyika wapi. Nywele zilipokwisha, Herieth akajitazama kwenye kioo. Uso ulianza utosini, ukashuka bila kituo. Aliona haya, machozi yakamlengalenga. Kisha akafunga kitenge kichwani, akaenda zake.

Jumamosi, chini ya turubai la Chang'ombe, alisikiliza sala mpaka mwisho huku akiyapanga maneno makali aliyoyatunga tangu basi lilipopita Ubungo. Mkeka ukatandikwa mbele ya meza yenye picha ya marehemu. Augustine, mkubwa wa watoto, akanyolewa wa kwanza, kisha wadogo zake wawili, kila mmoja kwa wembe wake mpya. Eufrazia akajifuta mikono. "Wameisha," akatangaza.

Herieth akainuka, akapita katikati ya watu, akakaa kwenye mkeka karibu na Augustine. Akafungua kitenge.

Wale wachambua mchele wakaitazama picha, wakamtazama yeye, wakairudia picha. Mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Augustine, na sahani yake inayong'aa, akasogea taratibu kumpisha nafasi.

Eufrazia akaja akasimama juu yake, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua papai. Kwa karibu hivyo Herieth akaona sababu ya kile kilemba kufungwa mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa sheria ileile ya Adelina, na chini yake uso uleule, umezeeka tu. Yale maneno makali aliyoyabeba akayatafuta, asiyaone.

"Nani kakunyoa?"

"Saluni. Kibamba."

Shangazi akasonya, msonyo mrefu uliosikika hadi kwenye masufuria.

"Mtoto wa Anselmo hanyolewi saluni," akasema. "Hukufunzwa?"

Akamtuma Augustine dukani kufuata wembe mwingine. Ulipoletwa, akaufungua karatasi, akammiminia Herieth maji baridi kichwani bila huruma, akaubonyeza ule uso mrefu uiname, akaanza kunyoa kichwa ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja.