Gololi Nyeusi Moja

Orrin Gable alivuta droo ya kisanduku cha kura, akachungulia, na uso ukamshuka. Emlyn Pruitt, aliyekaa kiti cha karibu na mlango, hakuhitaji kuambiwa mwenyekiti ameona nini. Aliyeitia humo gololi ile nyeusi ni yeye mwenyewe.

"Ndugu zangu," Orrin akasema, "nyeupe sita. Nyeusi moja."

Basi hapo pakachafuka. Wazee saba wazima, kila mmoja na utepe wake wa buluu begani, wakaanza kupigiana kelele kama watoto walionyang'anywa mpira. Na si ajabu. Loji yao ya Harrow Fork, chama cha kindugu chenye siri na kanuni zake, haikuwa imepata ndugu mpya kwa miaka na miaka. Wakiwa chini ya saba, makao makuu yanachukua hati ya chama, jengo linauzwa, kila mtu anarudi kwake kuzungumza na televisheni. Na leo, bahati ya mtende, kuna mtu amekaa chumba cha nje akisubiri jibu, ameomba kuingia kwa hiari yake, na wenzake watano wa ghala la matairi wamesema akikubaliwa yeye, nao wanakuja. Gololi moja nyeusi inatosha kumfungia mlango.

Kosa la mwombaji huyo, Kyle Rusnak, ni baba yake tu. Ule mwaka wa mgomo wa makaa ya mawe, wachimbaji wote, Emlyn akiwamo, wako nje ya geti na theluji inawaangukia, Mike Rusnak alipita katikati yao akilindwa na polisi, akaenda kazini. Krismasi akanunua gari jipya. Krismasi hiyohiyo mke wa Emlyn alikoroga unga wa mahindi kwa maji na chumvi, akauita chakula. Mike amekwisha kufa, mke wa Emlyn naye hayupo, lakini chuki haina habari na makaburi. Jioni hii Emlyn aliingiza mkono kisandukuni akitaka kuokota nyeupe, vidole vikaenda kwenye nyeusi, na moyo, tuseme ukweli, ukaona raha.

Raha yenyewe haikudumu.

"Ni Virgil!" Katibu, Delbert, alikuwa amesimama, kidole mbele. "Nani mwingine? Wiki nzima anabwata kwa kinyozi kwamba hatakaa meza moja na damu ya Rusnak!"

"Delbert, kaa chini," Orrin akasema. "Kura ni siri."

"Siri gani, na mdomo wake mpana kama mlango wa banda?"

Virgil Hudak aliinuka taratibu, kwa sababu goti lake moja ni la chuma. Jitu zima, mashavu mekundu. "Nilibwata, ndiyo. Mdomo ni wangu, sikuazima kwako. Lakini nilichotia kisandukuni siwezi kukisema, na wewe unajua siwezi. Ndiyo maana unanionea."

Kila mtu alijua. Kanuni ya loji ni moja na haina huruma: anayetaja kura yake, jina lake linafutwa. Kwa hiyo Virgil hakuwa na njia ya kujitetea. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama.

"Aa. Kumbe wote mnaamini," akasema. "Maisha yangu yote nimewazika wazazi wenu na kuwabebea majeneza, na hivi ndivyo mnavyonijua. Haya. Kaeni na loji yenu."

Akaanza kuvua utepe.

"Virgil, tafadhali," Orrin akaomba. "Tuna ruhusa ya duru ya pili, huenda mkono wa mtu umekosea..."

"Mkono haukukosea," Delbert akadakia. "Ni roho."

"Funga domo, Delbert!" Orrin akafoka.

Njia rahisi Emlyn aliiona vizuri: anyamaze, duru ya pili atie nyeupe, mambo yaishe. Lakini Virgil alikuwa anakwenda mlangoni akichechemea, na akitoka watabaki sita, na sita si loji. Na hata angebaki, angebaki na doa ambalo si lake. Virgil huyu! Mwaka ule wa njaa, ni nani aliyeingia kwa mlango wa jikoni na gunia la viazi? Naye yuko kwenye mgomo, naye ana watoto wanne. "Vimezidi nyumbani," alisema, mwongo mkubwa. Emlyn alikula vile viazi.

Na akisema je? Jumanne, siku ya mkutano wa loji, ndiyo siku pekee ya wiki ambayo kuna mtu anamwita ndugu. Siku nyingine anayemwita ni mtu wa simu anayeuza bima. Aliogopa, na kuogopa kwenyewe kulimtia hasira.

Virgil akashika kitasa.

"Ni mimi," Emlyn akasema.

"Wewe nini?" Delbert akauliza.

"Nyeusi ni yangu. Virgil, rudi ukae, goti litakuvimba."

Orrin alifumba macho kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Emlyn, kwa nini hukunyamaza?"

"Ningenyamaza vipi, na mtu anatolewa kwa dhambi yangu?"

"Mpumbavu mkubwa wewe," Virgil akamwambia, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Ungeniacha niende."

"Ili Delbert afurahi? Hapana."

Delbert aliinamia viatu vyake. Orrin alijikaza akasema yale yaliyompasa. "Kanuni unaijua. Jina linafutwa. Baada ya mwaka unaweza kuomba upya, na tutakupigia kura kama mgeni yeyote. Lakini kwanza duru ya pili. Bila wewe hatutimii saba."

Kisanduku kikazunguka. Kwa Emlyn kilifika mwisho. Asikudanganye mtu kwamba chuki ya miaka mingi hivyo hutoka kwa machozi mawili. Mkono wake ulikaa mle ndani muda mrefu mpaka Virgil akaguna. Kisha akaokota nyeupe, akaiachia.

Orrin akavuta droo. Zote nyeupe.

Hakuna aliyepiga makofi. Emlyn alivua utepe, akaukunja vizuri, akampa mwenyekiti, akatoka kabla Virgil hajapata neno la kusema.

Kwenye chumba cha nje Kyle Rusnak aliruka kutoka kwenye benchi, kofia mkononi. Pua ni ya baba yake, hakuna ubishi.

"Mzee Pruitt, wamenikubali?"

"Wamekukubali. Duru ya pili. Ya kwanza ulikataliwa, na aliyekukataa ni mimi."

"Kwa ajili ya baba," Kyle akasema.

"Kwa ajili ya baba yako."

"Mzee, mimi hata kuzaliwa nilikuwa bado."

"Najua. Nilijua na nikatia."

Kyle akaona bega lile halina kitu. "Utepe wako uko wapi?"

"Umebaki ndani. Nimetaja kura yangu, nimefutwa. Mwaka ujao nitaomba upya."

Ilichukua muda kidogo, kisha Emlyn akaona jambo lenyewe likimwingia yule kijana kichwani.

"Mwaka ujao," Kyle akasema polepole, "na mimi nitapiga kura."

"Utapiga. Utaingiza mkono, utakuta nyeupe na nyeusi, na hakuna ruhusa ya mtu kukuuliza."

Ndani Orrin aligonga nyundo mara tatu, akiita. Kyle alimtazama mzee kwa kitambo. Hakutoa mkono. Alifungua mlango akaingia, na ndugu wakaanza kumkaribisha kwa shangwe.

Emlyn alitafuta koti lake, halafu akaacha. Akaketi kwenye benchi la waombaji, mahali palepale alipokuwa amekaa Kyle. Pangali pana joto.