Asali ya Posa ya Peniel

Asubuhi ya kupeleka posa ya kaka yangu Peniel, baba alimeza vidonge viwili vya kushusha sukari badala ya kimoja.

"Leo kuna karamu ukweni," alimwambia mama. "Natanguliza ulinzi."

Vidonge alivinunua mwenyewe katika duka jipya la dawa pale Rungwa. Tangu biashara ziachwe huru, viliuzwa kama pipi, bila maswali.

Kwetu, wanaopeleka asali ya posa hawali kitu mpaka wakwe waionje kwanza. Baba mkubwa Alute aliiziba ndoo ya asali kwa nta, isiguswe kabla ya wakwe, akakaa kando yake kama askari wa benki. Lori la kutuchukua likachelewa, jua likapanda.

Baba akaanza kutokwa jasho, mikono ikitetemeka. Akamwita Peniel kwa jina la babu, kisha akacheka peke yake.

"Zefania, umeshaonja pombe?" baba mkubwa akamtania.

Baba akayumba. Kichwa kilimwangukia mama begani.

"Sukari imepanda," baba mkubwa akasema. "Mlazeni kivulini, mpeni maji."

"Imeshuka," nikasema. "Mama, sukari iko wapi?"

"Nyumba hii haina sukari tangu augue. Hujui?"

Nikaitazama ndoo. Baba mkubwa akaona ninakotazama.

"Damari. Asali kwa mgonjwa wa sukari? Huko chuo kikuu mlisomea kuua wazazi?"

"Nilisomea baiolojia, baba mkubwa. Kongosho lina seli za kutoa insulini, na seli hizo zina vijilango vya potasiamu. Mtu akila, vinajifunga, insulini inamwagika, sukari ya damu inashuka. Kidonge kinavifunga hata kwa mwenye njaa. Baba amemeza viwili, na tumbo ni tupu."

"Vijilango," akawaambia wazee wenzake. "Mtoto ameviona kwa macho?"

Wakacheka kidogo.

"Sijaviona. Namwona baba."

Akaweka mguu juu ya mfuniko. "Ukifungua hii, posa imekufa. Mwambie kaka yako mwenyewe."

Peniel alinitazama, suti ya kuazima imembana mabegani. Nilimpenda sana wakati ule, na nilijua ninachotaka kumnyang'anya. Nikapiga magoti, nikaushika mguu wa baba mkubwa kwa mikono miwili, nikauondoa. Nta ikapasuka.

Nikampaka baba asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, mpaka akaanza kumeza. Hatimaye akafumbua macho.

"Marietha," akamwambia mama, "mbona unalia na lori halijafika?"

Lori lilipofika, mama alikuwa akimlisha ugali na maziwa mbele ya wote. Baba mkubwa akasimama kwenye mlango wa lori.

"Ameshapona. Tutafute asali nyingine twende."

"Dawa bado imo mwilini," nikasema, "inaweza kumwangusha tena. Tunaanzia kituo cha afya."

"Na wakwe?"

"Akishatulia, nitawaeleza mimi. Nitawapelekea ndoo hii hii."

"Imeshaonjwa, Damari. Utawaambia nini?"

"Kwamba kwetu mtu akizidiwa, tunafungua."

Baba mkubwa hakutoka mlangoni. Peniel akavua koti la suti, akaiinua ndoo begani, akampita baba yetu mkubwa, akapanda wa kwanza.