Upinde wa Mforsadi

Mforsadi ulikatwa siku ile barabara ya nyuma ya karakana ilipopanuliwa. Wafanyakazi walikuwa wameshaanza kuupasua uwe kuni pale alipotoka karakanani mwanamke mmoja mbio, aproni kiunoni, akawaomba gogo moja tu, lile lililonyooka.

"Dada, kitanda kikiisha utualike," mmoja akamtania.

"Si kitanda. Upinde."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini walimsaidia kulibeba.

Mtaani alijulikana kama Maranda, kwa sababu tangu akiwa msichana wa shule hakuonekana bila maranda ya mbao kwenye nywele. Baba yake alikuwa fundi wa pinde za jadi, zile ndefu zinazochongwa kwenye pande moja la mti, bila gundi wala chuma. Vilabu vya kulenga shabaha viliagiza kwake. Kaka yake mkubwa naye alikuwepo karakanani, ila kwa jina zaidi kuliko kwa kazi. Walimwita Mkurugenzi, maana alichapisha kadi zake za biashara kabla karakana haijapata hata simu.

Baba alilitazama gogo lile kama mtu aliyeletewa mzoga.

"Huo ni mti wa kuchafulia watoto mashati. Nani amewahi kuchonga upinde kwa mforsadi?"

"Ndiyo maana nataka kujaribu, baba."

"Miaka arobaini nachonga mbao ninazozijua. Majaribio hapa sitaki."

"Sikuombi meza yako. Naomba kona tu."

"Kona chukua."

Maranda akalipasua gogo kwa kabari na nyundo, likatoa mapande manne. Akayapaka rangi miisho yote ili yasikauke kwa pupa yakapasuka, akayapandisha darini. Kila mwezi aliyageuza. Ikapita miaka miwili.

Katika miaka hiyo mikono ya baba ilianza kutetemeka. Kwanza alisingizia baridi, kisha kahawa. Mwishowe hakusingizia kitu. Alianza pinde, Maranda akazimaliza, na baba akazipiga chapa yake kwa chuma cha moto. Jambo hilo halikuzungumzwa, si karakanani wala nyumbani kwenye meza ya chakula.

Siku moja akaja kocha wa klabu kubwa, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa anakwenda kwenye maonyesho ya pinde za jadi nchi za nje.

"Sitaki mbao ileile ya kila mtu," akasema. "Nataka kitu ambacho hawajakiona."

"Hakuna," baba akajibu.

"Kipo," Maranda akasema, na kabla hajakatazwa alikuwa ameshapanda ngazi ya dari.

Alilibana pande moja kwenye jiliwa, akaanza kuondoa ile mbao nyeupe ya nje kwa kisu cha mikono miwili. Chini yake palikuwa na moyo wa mti, wa manjano iliyokolea. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Mti huongeza tabaka moja kila mwaka, na mgongo wa upinde lazima uwe tabaka moja tu, kutoka ncha hadi ncha. Ukilikata mahali pamoja, upinde utavunjikia hapohapo. Maranda alilifuata tabaka lake siku tano, mahali pengine kwa kisu, mahali pengine kwa kipande cha kioo. Katikati ya mkono wa juu wa upinde alikutana na kifundo, pale tawi lilipokuwa limeota. Hakukisawazisha. Alikizunguka, akakiachia nyama pande zote, kikabaki kimeinuka kama nundu ndogo.

Kisha akaufundisha upinde kujikunja. Aliutundika ukutani, akaufunga ugwe uliolegea, akauvuta kwa kamba na kapi huku akirudi nyuma kuutazama. Palipokuwa pagumu alipitisha tupa mara tatu, akavuta tena. Palipokuwa laini hakupagusa. Wiki nzima ilikwenda hivyo, akivuta na kutazama, mpaka mikono yote miwili ya upinde ikajikunja sawasawa.

Kocha alipoujaribu uwanjani mishale yake mitatu ilikaa pamoja, ungeifunika kwa kiganja. Aliugeuza upinde, akapapasa ile nundu.

"Nani amefanya hivi?"

Baba alikuwa ameshaupiga chapa. Aliweka mkono wake begani kwa Mkurugenzi.

"Huyu mwanangu ndiye aliyeugundua mti."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Kwa kitambo kidogo Maranda alifikiri atasema neno. Badala yake alitia mkono mfukoni, akatoa kadi.

Kocha alipoondoka Maranda alimfuata baba yake stoo.

"Baba, mbona umesema vile?"

"Ulitaka nisemeje? Wewe utaolewa uondoke. Karakana atabaki nayo kaka yako. Wateja wamjue nani?"

"Nina miaka thelathini na nane, baba. Wa kunioa angekuwa ameshaiona njia."

"Usinijibu."

Maranda alifunga visu vyake ndani ya aproni, akaenda. Mwezi uleule alipata kazi kwenye kiwanda cha madawati, ambako mbao huingia upande huu wa mashine na miguu ya dawati ikatoka upande wa pili. Huko hakuna aliyejali tabaka wala kifundo.

Baada ya miezi minne simu yake ililia mchana, akiwa foleni ya chakula. Alikuwa baba.

"Yale mapande matatu yaliyobaki," alisema, hata salamu hakutoa. "Mawili yamevunjika. Kocha ameagiza pinde zaidi. Wewe uliufanyaje ule?"

Maranda alitoka kwenye foleni. Angeweza kukata simu, na baadaye alijilaumu sana kwa kutokata. Lakini aliwaza lile pande la mwisho, jinsi lilivyonyooka, akaona uchungu. Akaanza kueleza: tabaka moja, msilivuke, kifundo, kizungukeni.

"Ngoja," baba akasema. "Namwita kaka yako aandike."

Akaeleza upya, polepole, kama mwalimu wa imla, huku kwa mbali akisikia kalamu ya Mkurugenzi. Walipomaliza, baba alisema "haya," simu ikakatika.

Wiki mbili baadaye Mkurugenzi alifika kwenye geti la kiwanda, pande la mwisho likiwa begani, limefungwa kwa shuka. Maranda alilifungua palepale. Tabaka lilikuwa limekatwa mahali patatu, na kifundo kimesawazishwa, laini kama meza.

"Si nilikwambia ukizunguke?"

"Baba alisema kinaharibu sura."

"Na wewe uliandika nini?"

"Niliandika ulivyosema. Lakini baba ni baba." Akajifuta jasho. "Hebu lirekebishe, dada. Ameshaahidi watu."

"Halirekebishiki. Hizi ni kuni."

"Unasema hivyo kwa hasira."

"Ningekuwa na hasira, ningekwambia lipo sawa, mkalikunje mbele ya kocha."

Mkurugenzi akasema baba siku hizi hali chakula vizuri, anashinda amekaa na visu mapajani.

"Amesema nirudi?"

"Unamjua alivyo. Ukija mwenyewe, hatakufukuza."

"Nimekuuliza, kaka. Amesema?"

"Hapana."

Kengele ya kazi ikalia. Maranda akamrudishia shuka, akaingia ndani. Pande la mti Mkurugenzi hakulichukua. Aliliacha limeegemea ukuta, na mlinzi akalikatakata akachemshia chai.

Mwaka ulipokwisha, karakana ilikuwa inatengeneza viti vilivyovunjika. Kocha aliuliza mara mbili kuhusu mforsadi. Mzee akamjibu kwamba ni mti usioaminika, na ule mmoja ulitoka kwa bahati tu. Maranda aliyapata maneno hayo kwa mteja aliyekuja kuchukua madawati, na mteja huyo akamuuliza kama ni kweli.

"Yeye ndiye fundi," alisema, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.