Muuaji Asiye na Vidole Viwili

Lyle Ouellette alikuwa mwenzetu kabla hajawa mwandishi. Tulisimama naye kwenye mashine moja ya kiwanda cha karatasi, huku Maine, Marekani, na wakati wa mapumziko aliandika visa vya mauaji nyuma ya karatasi zilizoharibika. Mgomo ulipovunjwa tukafukuzwa sote. Yeye alitoka na riwaya, sisi tukatoka na vifua vibovu. Sikumwonea wivu. Vitabu vyake vyote vya mpelelezi wake mlevi nimevisoma, mimi ambaye shule ilinishinda.

Kisha akaandika juu ya mgomo wetu. Humo mkurugenzi anamuua mlinzi aliyemfuma akimwaga sumu mtoni, na anayemnasa ni Armand Pelletier, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Armand alikuwepo kweli, marehemu yule. Ndiye aliyetulisha baridi nzima ya mgomo. Lyle alipomsomea Jeannine, mjane wa Armand, mama wa watu alilia kwa furaha.

Halafu mhariri akapiga simu kutoka New York. Lyle akanijia amenuna.

"Merle, wanataka muuaji awe Armand."

"Nani?"

"Wanasema bosi mbaya kila mtu keshamzoea. Msomaji anataka kushtuliwa."

"Huyo mhariri akashike waya wa umeme! Na wewe ukasemaje?"

"Nimebadilisha jina. Tena nimemkata vidole viwili, asitambulike. Mhariri ndiye aliyebuni."

Nikamnyooshea mkono wangu wa kushoto, ambao mashine iliuachia vidole vitatu. "Mjinga wewe! Wazee wa kiwandani, nani anavyo vyote?"

Akainama. Kitabu kilikuwa kishakwenda kupigwa chapa.

Siku aliyokuja kusaini vitabu maktabani, wazee walipanga foleni mikono juu.

"Lyle, kwani mlinzi nilimuua mimi?" akauliza Roland.

"Toka hapa, ni mimi!" akadakia Gaston. "Mke wangu siku hizi analala na kisu."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Lyle naye akacheka, akadhani yamekwisha.

Jeannine akafika mezani. "Muuaji wako anawapikia wagomaji maharage, anapuliza kijiko mara mbili kabla ya kuonja. Huyo ni mume wangu, Lyle."

"Jeannine, dada yangu, ni hadithi tu."

"Basi simama uwaambie watu hawa kwamba Armand hakumgusa mtu."

Lyle akamtupia jicho dada wa kampuni ya vitabu, aliyekuwa akipiga picha mlangoni. Akashika kalamu.

"Nikusainie?" akauliza.

Nimeshawahi kuona waoga. Niliwaona wakati wa mgomo wakipita langoni chini ya ulinzi wa polisi, kwenda kufanya kazi zetu, na majina yao ninayo kichwani mpaka leo. Lakini wale walikuwa na watoto wenye njaa. Huyu alikuwa na nini?

Jeannine akageuka akatoka, na foleni nzima ikamfuata. Hajasema na Lyle tena. Kitabu kinauzwa mpaka viwanja vya ndege, na wanaokinunua hawajui kwamba yule muuaji alikuwa mtu, na alitulisha.