Taa Juu ya Mlango wa Dharura

Kila Alhamisi asubuhi Mahakama ya Juu ya Kanada kule Ottawa hutoa majibu ya watu wanaoomba ruhusa ya kukata rufaa, na adhuhuri yake mawakili wawili wa Toronto hukaa mtandaoni kuyajadili. Wazee wenzangu hutazama hoki. Mimi nilikuwa nikiwatazama hao wawili, kwa sababu mfupa waliokuwa wakiutafuna ulikuwa kifo cha mke wangu.

Mmoja anaitwa Whitlock, ana sauti nzito na ukuta mzima wa vitabu nyuma yake. Mwenzake ni Bi. Raghunathan, anasema upesi upesi, na paka wake hupita mbele ya kamera apendavyo. Mimi niliacha shule darasa la nane nikaingia kiwanda cha mbao, kwa hiyo mengi waliyosema yalinipita juu ya kichwa. Binti yangu Mireille, anayekaa Moncton, ndiye aliyenifundisha jinsi ya kuwapata, kisha akajuta.

"Baba, unajitonesha kidonda," aliniambia kwenye simu.

"Kidonda chenyewe hakijafunga. Nitakitonesha vipi?"

Mke wangu aliitwa Yolande. Mawakili hawalijui jina hilo. Kwao ni Arseneau, jina letu la ukoo, maana kesi huitwa kwa jina la aliyeshtaki. "Ile Arseneau," husema, kama mtu asemavyo ile trekta.

Mambo yalikuwa hivi. Jioni moja ya Februari tulikuwa mezani tunakula fricot, supu ya kuku, na Yolande ananilaumu kwamba nimeijaza chumvi, mara kifua kikambana. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Wakasema lililo karibu liko Bathurst. Nikamvika koti, nikamtia garini mwangu.

Kwetu Rivière-du-Pin ukishavuka daraja barabara inagawanyika. Kushoto ni hospitali yetu ndogo, unaiona. Kulia ni Bathurst, kwenye hospitali kubwa, na kwenye theluji ni mwendo wa saa nzima. Tulikuwa tumesikia kwamba wakubwa wa afya siku nyingine hufunga chumba cha dharura ikifika jioni, eti wauguzi hawatoshi. Walikuwa wakitangaza kwenye mtandao, na nyumbani kwetu wakati ule hatukuwa na mtandao. Kwa hiyo nikafanya kama afanyavyo kila mtu wa huku. Nikatazama kutoka darajani. Taa nyekundu juu ya mlango wa dharura ilikuwa inawaka.

"Kumefunguliwa," nikamwambia Yolande. "Ona taa ile."

"Basi kata kushoto," akasema. "Na usiendeshe kama mwendawazimu, woga utaniua kabla ya moyo."

Mlango ulikuwa na kufuli. Karatasi ya kusema wamefunga ilikuwa imebandikwa kwa ndani ya kioo, uisome ukishafika. Niligonga mpaka mkono ukachanika. Tulipogeuza gari na kurudi njiapanda kwenda Bathurst, Yolande hakuwa anatania tena. Alikata roho njiani, mkono wake umeshika kola ya koti langu, nami naendesha.

Wakili wangu, Bi. Ghislaine Haché, aliichukua kesi bila kunidai kitu. Alinikalisha jikoni kwangu akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima asiyesoma, bila kunidharau.

"Hatushtaki kwamba walifunga," akasema. "Kufunga watasema ni sera, na sera ya serikali haishtakiwi. Tunashtaki taa. Kuzima taa si sera, Mzee Léandre. Ni mtu na swichi."

"Mtu gani?"

"Hilo ndilo tutakalowauliza. Watakaa kwenye kiti, wataapa, na nitawauliza."

Nilichotaka ni hicho tu. Sikutaka kingine kwao. Nilitaka mmoja wa wakubwa wale akae kwenye kiti kile cha mbao, nami nimekaa mbele yake, aulizwe ni nani aliyepaswa kuizima ile taa.

Jaji wa kwanza aliifuta kesi kabla mtu yeyote hajaulizwa lolote. Alisema taa ni mkia wa sera, na mkia huenda na ng'ombe. Majaji wa rufaa wakakubaliana naye. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mimi nimezeeka na misumeno. Ule wa kiwandani meno yake yanaelekea upande mmoja, na gogo ndilo linalosukumwa kuufuata.

Ikabaki Ottawa. Na miezi yote hiyo tuliyokuwa tukingoja, ile taa iliendelea kuwaka, chumba kiwe wazi kiwe kimefungwa. Nikivuka daraja naiona. Nilidhani ni uzembe uleule, mpaka nilipomsikia Bi. Raghunathan Alhamisi moja.

"Ningekuwa wakili wa hospitali," alisema, "ningewaambia msiiguse hiyo taa mpaka Ottawa ijibu. Ukiizima leo, umekiri kwamba ungeweza kuizima siku ile."

"Na balbu ikiungua?" Whitlock akauliza.

"Unatia nyingine, bwana. Haraka sana."

Wakacheka. Paka akapita.

Pale chini pana mahali ambapo watazamaji huandika maoni. Nikaandika kwa kidole kimoja: Mimi ni mume wake. Anaitwa Yolande.

Whitlock aliyasoma kwa sauti, akavua miwani. "Bwana Arseneau," akasema, "pole sana. Hatukujua kama unatusikiliza."

Bi. Raghunathan naye akanipa pole, na naamini ilitoka moyoni. Kisha wakaingia kwenye kesi nyingine, ya mgodi mmoja huko magharibi.

Jibu lilitoka Novemba. Bi. Haché alinipigia asubuhi, nikajua kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Ombi limekataliwa, Mzee Léandre."

"Wamesemaje?"

"Wamesema limekataliwa. Sababu hawatoi. Hawampi mtu yeyote."

"Kumbe na wao hawaulizwi."

Nikasikia anapenga kamasi. Nikamshukuru, maana wengine wote katika jambo hili walilipwa na yeye hakulipwa.

Adhuhuri nikafungua kompyuta, sijui kwa nini. "Arseneau imekufa leo asubuhi," Whitlock akaanza, kisha akasita, akaitazama kamera kama anayemtafuta mtu chumbani. Nikaizima kabla hajanipata.

Nikaenda makaburini kumpa Yolande habari. Sikuongea sana. Nilimwambia wamekataa, nikaondoa majani yaliyolowa juu ya jiwe lake, nikakaa mpaka baridi ikaingia magotini. Novemba giza huwahi. Nilipoondoka jua lilikuwa limeshazama, na ilikuwa moja ya jioni zile za kufunga.

Nilipofika darajani nikatazama kushoto, kama kawaida.

Hakukuwa na taa. Ukuta mweusi, mlango mweusi. Tangu nipate akili sijawahi kuona upande ule una giza. Nikasimamisha gari katikati ya daraja. Majaji walikuwa hawajamaliza siku moja tangu waseme hapana, na tayari mtu alikuwa ameshanyoosha mkono akabonyeza swichi. Haikuhitaji mkutano wala bajeti wala sera. Ingezimwa hivi jioni ile, Yolande wangu angeniambia nikate kulia, na pengine angeendelea kunilaumu kwa chumvi mpaka Bathurst.

Nikampigia Mireille.

"Wameizima taa," nikamwambia.

"Nani, Baba? Nani kaizima?"

Gari nyuma yangu likapiga honi, likanizunguka, likashika njia ya kulia.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Hakuna aliyeulizwa."