Jina la Herufi za Badibanga

Gradi, mtoto wa mdogo wangu, alizikuta herufi hizo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda changu, akashangilia kama aliyeokota dhahabu. Ni utepe wa filamu tu, wenye herufi nene alizozichora Tata Badibanga, mzee wetu wa kazi, mwaka 1968. Katika imprimerie yetu, kiwanda cha uchapaji hapa Kolwezi, tulipitisha mwanga kwenye herufi moja moja mpaka neno litimie kwenye karatasi ya picha, kisha tukalitia dawani. Matangazo ya bia, ya mpira, ya matanga, yote yalivaa herufi zake. Kazi alinifundisha yeye.

Sasa Gradi amezitia kwenye kompyuta ziwe fonti ya kuuza. Anasema huko Ulaya vya zamani vinagombaniwa. Zamani zetu zinawapendeza sana watu ambao hawakuziishi.

"Mama mukubwa, ile R iko na mukwaruzo ku muguu. Niutoshe?"

"Uuache. Na jina yake itakuwa Badibanga."

Mkwaruzo ule ni wa ukucha wangu, wiki ya kwanza kazini. Tata Badibanga hakunigombeza. Alisema kila atakayesoma R atakuwa amenisalimu.

Mwaka 1993 migodi ilikuwa inakufa, unga hakuna, na wakubwa wakatuonyesha mchawi wa kulaumiwa: Mkasai, mtu aliyetoka mkoa wa Kasai. Tata Badibanga, mzaliwa wa Kasai, alikuwa amejificha nyumbani kwake siku nne. Vijana wakaja imprimerie kuchapisha tangazo, maneno yao kwenye kipande cha karatasi: BAKASAI MURUDIE KWENU. Nikayapanga, herufi kwa herufi. Nilijiambia nikikataa watanichoma moto. Labda ni kweli. Lakini nilipima nafasi kati ya herufi kwa makini, kama alivyonifundisha. Majuto ni mjukuu, husema wenye bahati. Yangu yalikuja siku ileile.

Walimfukuza, akalala gare, kwenye stesheni ya treni, wiki sita na mkewe na binti yao Tshiela, wakingoja treni. Sikwenda kumwona. Alifia njiani kabla ya kufika Mwene-Ditu, huko kwao Kasai.

Kumbe nilitaka jina lake liwe juu ya herufi hizo ili niweze kulala. Gradi akasema lazima familia ikubali. Akamtafuta Tshiela, akamtumia picha ya herufi, na Jumapili mchana simu ikalia, ni Tshiela.

"Mama Ernestine, muko muzima?"

"Niko, mwanangu."

"Hizi herufi mi niko nazo. Iko karatasi yenye walibandika ku mulango yetu. Baba aliibandua, akaiingiza mu koti. Mu treni alikuwa anaitosha, anaiangalia."

Nikaibana simu sikioni. Tshiela akaendelea:

"Aliweka kidole pa ile R, akaambia mama: 'Ni Ernestine. Unaona kazi yake? Nafasi zote ziko sawa. Nilimufundisha muzuri.'"

Nilitaka kusema samahani. Neno lilikuwa dogo mno, nikaona aibu kulitoa.

"Jina ya baba, hapana," Tshiela akasema, bila hasira yoyote. "Alishakaa mu ile karatasi ya kutosha. Muweke jina yenu."

Akakata simu. Gradi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, anangoja.

"Alikubali? Niandike Badibanga?"

"Andika Ernestine," nikamwambia. "Na ile R usiiguse."