Baiskeli Kumi na Mbili za Hospitali

Dereva wa lori la baiskeli za kukodi, ambaye kazini walimwita Mama Pedeli, alikuwa mtu wa kufuata amri. Simu ikisema toa hapa kumi, peleka kule ishirini, yeye na shemeji yake mpakiaji walibeba. Ila alfajiri hiyo, simu ilipoamuru baiskeli zote za kituo cha hospitali zisombwe zipelekwe maofisini, alizima injini.

"Acha kumi na mbili."

"Shemeji, unatafuta balaa."

"Mkeo jana kafika nyumbani saa ngapi?"

Mke huyo, dada wa Mama Pedeli, alikuwa mfagiaji wodini. Akitoka zamu alikuta vyuma vya kuegeshea baiskeli vitupu, akatembea saa nzima na miguu iliyovimba. Shemeji akaziacha kumi na mbili.

Saa nne Mama Pedeli akaitwa ofisini. Msimamizi alimgeuzia kompyuta.

"Jionee. Hospitalini asubuhi hakuna anayechukua baiskeli."

"Watachukua nini, bosi? Tunazisomba saa kumi na moja, wa zamu ya usiku wanatoka saa kumi na mbili. Unaficha sufuria, halafu unasema watu hawana njaa!"

"Ukirudia, utarudisha funguo."

Alizitoa mfukoni, akazibwaga mezani. "Chukua leo. Kesho uendeshe mwenyewe, uwanyang'anye ukiwatazama machoni."

Msimamizi akamsukumia funguo. "Kesho nakuja. Nikikuta hakuna mtu, basi tena."

Akaja kweli, akajibana katikati ya Mama Pedeli na shemeji kwenye lori, lililokwisha kupakiwa baiskeli zote za kituo isipokuwa kumi na mbili. Geti la hospitali lilipofunguliwa, wauguzi, wapishi na wafagiaji walimiminika. Kufumba na kufumbua, kumi na mbili zikaisha. Watu wakabaki wamesimama. Mama mmoja dobi, mikono imechunika kwa sabuni, akasogea dirishani, akamwuliza msimamizi.

"Baba, nyingine zinakuja?"

Msimamizi akababaika. "Zinakuja, mama."

"Umesikia, shemeji?" Mama Pedeli akaruka chini. "Bosi kaahidi. Shusha zote!"

"Na maofisini?" msimamizi alifoka.

"Wanaingia saa tatu. Tutawasombea za kituo cha sokoni, muda upo."

Wiki hiyo Mama Pedeli akaandikiwa barua ya onyo. Aliisoma akiwa amesimama, akagoma kutia sahihi. Msimamizi hakumlazimisha, na amri ya kukisomba kituo cha hospitali haikuja tena. Ingekuja, asingeitii.